Intaneti ya Nyumbani na Wajibu wa Ushirika Wetu

*Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu*



Tumepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, za mizani, za mbolea na za hesabu. Sisi tumeagizwa na Bodi kusema juu ya jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana geni katika mkutano wa wakulima, nalo ni intaneti ya kasi iingiayo nyumbani kwa bei ambayo mkulima aweza kuilipa. Twaomba mtusikilize kwa uvumilivu, kwa maana kabla ya mkutano huu kufungwa mtaombwa kupiga kura juu ya jambo hili, na si vizuri mtu apige kura juu ya kitu asichokielewa.

Maana ya jambo lenyewe

Karibu kila nyumba yetu ina simu ya mkononi, na wengi wetu hununua bando. Kwa hiyo wako wanaouliza: intaneti tunayo, tunatafuta nini tena? Jibu ni kwamba bando ni kama maji ya ndoo, na intaneti ya nyumbani ni kama bomba. Mwenye ndoo hupima kila kata anayochota. Mtoto akichota kusomea, baba hana ya kuulizia bei ya kahawa. Bando likiisha katikati ya kazi, kazi husimama. Intaneti ya nyumbani hulipwa mara moja kwa mwezi, nyumba nzima huitumia pamoja, na kasi yake hutosha kupokea picha, masomo na mikutano bila kukatika.

Tena hitaji hili si la starehe tu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeweka mfumo wa usimamizi wa vyama, uitwao MUVU, ambamo vyama hutakiwa kuingiza habari za wanachama wake na za hesabu zake. Makatibu wetu wa vyama vya msingi walioko juu mlimani huteremka na makaratasi hadi Usa River au Arusha mjini kwenda kuifanya kazi hiyo, na nauli yao hulipwa na chama, yaani hulipwa na ninyi wanachama.

Liko na jambo la soko. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa iingiayo katika nchi zake iambatane na alama za mahali pa shamba ilikotoka, ili ithibitike kwamba msitu haukukatwa kwa ajili yake. Utekelezaji wa sheria hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wamekwisha kuanza kuuliza. Mkulima mwenye nusu eka huko Nkoaranga au Akeri hakukata msitu wowote, lakini hana budi kuthibitisha, na uthibitisho huo husafiri kwa intaneti. Atakayekosa njia ya kuupeleka, kahawa yake yaweza kuhesabiwa pamoja na ile isiyojulikana ilikotoka.

Mwisho ni watoto wetu. Kijana akitaka mkopo wa kusomea chuo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Wazazi wengi hulazimika kumpeleka kijana steshenari ya mjini, wakalipa ajazwe fomu na mtu asiyewajua, na kosa moja likiingia hurudi tena kwa nauli nyingine.

Njia intaneti inayopita

Ili tuione kasoro ilipo, yafaa tuifuate njia yote tangu mwanzo wake.

Hadi mwaka 2009 Afrika ya Mashariki ilitegemea setilaiti zilizoko umbali wa kilometa zipatazo 36,000 juu ya dunia. Bei ilikuwa kubwa mno, na kila ujumbe ulichelewa kwa sababu ya urefu wa safari. Mwezi wa Julai mwaka 2009 mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mwingine uitwao EASSy. Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo kutoka China, na baadhi ya nyuzi zake zilipitishwa juu ya njia za umeme mkubwa za TANESCO. Mkongo huo ulifika Arusha na kuendelea hadi mpaka wa Namanga.

Kwa hiyo bahari imekwisha kuvukwa, na kilometa zaidi ya 600 za kutoka Dar es Salaam hadi Arusha zimekwisha kukatwa. Hatusemi kwamba njia hiyo haina hatari. Tarehe 12 Mei mwaka 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika siku moja baharini, kusini mwa pwani yetu, na nchi nzima ilipungukiwa na intaneti kwa siku kadhaa. Tulijifunza siku ile kwamba nchi yafaa iwe na njia nyingi za kutokea. Lakini hiyo ni kazi ya Serikali na ya makampuni makubwa, nayo inaendelea.

Hata mjini Arusha hali si mbaya. Mji huu ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa miaka ipatayo ishirini, tangu 1995 hadi 2015, ulikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Mikutano ya mataifa hufanyika hapa kila mwaka. Ofisi na mahoteli yana nyuzi za kioo, ambazo watu huziita faiba, na mitaa kadhaa ya mjini inazo vilevile. Lakini toka kwenye barabara ya lami uanze kupanda kwenda Poli, Singisi, Ng'iresi au Sambasha, au uzunguke mlima uende Ngarenanyuki, utakuta ya kuwa safari iliyovuka bahari na nusu ya nchi imesimama kilometa chache kabla ya kufika nyumbani kwako.

Hapo ndipo kasoro ilipo, Ndugu Wanachama: katika kipande cha mwisho.

Vizuizi vya kipande cha mwisho

Kizuizi cha kwanza ni mtaro. Uzi wa kioo wenyewe ni mwembamba kama unywele, na uzi mmoja ukigawanywa kwa kifaa chake waweza kulisha nyumba 32 au zaidi. Gharama kubwa ni kuchimba, kupita chini ya barabara, kupata vibali na kulipa ada. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na nyingine za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA. Anayetaka kupitisha waya kando yake hana budi kuomba kwa kila mmoja. Akikwisha kupitisha, barabara hupanuliwa, au bomba la maji huchimbwa, na waya hukatwa.

Tuchukue mfano, nao ni mfano wa kupigia hesabu tu. Tuseme toka barabara kuu hadi kitovu cha kijiji ni kilometa 3, na kila mita moja ya mtaro pamoja na waya wake ni shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 30,000,000. Kama nyumba 10 tu ndizo zilizojiandikisha, kila nyumba inabeba shilingi 3,000,000, na hakuna mkulima awezaye mzigo huo. Kama nyumba 150 zimejiandikisha, kila moja inabeba shilingi 200,000, ambazo zaweza kulipwa kidogo kidogo. Mtaro ni ule ule, na waya ni ule ule. Kilichobadilika ni hesabu ya watu waliokubaliana kabla ya jembe kuanza kuchimba.

Kizuizi cha pili ni namna tunavyokaa. Sisi hatukai katika mitaa iliyopangwa. Kila mmoja yuko katika kihamba chake, kati ya migomba na kahawa, na kati ya kitongoji na kitongoji kuna korongo na mto. Kampuni ikitazama ramani huona nyumba zilizotawanyika, hupiga hesabu ya mtaro kwa nyumba moja moja, na huamua kwenda kwingine. Mawimbi ya redio nayo yana taabu yake. Hayapiti katika mgongo wa mlima, na majani mabichi ya migomba na miti mirefu ya kivuli huyapunguza nguvu.

Wako watakaosema kwamba minara ya simu itamaliza shida hii. Ni kweli kwamba Serikali, kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, imefanya kazi kubwa. Tarehe 13 Mei mwaka 2023 ilitiwa sahihi mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Twashukuru kwa hilo. Lakini mnara mmoja hugawanywa na watu wote walio chini yake, na jioni watu wote wakirudi nyumbani kasi hupungua. Mnara watuletea ndoo karibu zaidi, bomba bado.

Kizuizi cha tatu ni bei na kodi. Kwa miaka mingi huduma za mawasiliano zimetozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa viwango hivyo, huduma ya shilingi 10,000 humfikia mlaji kwa shilingi 13,806. Mwaka 2021 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi wavipate; mwaka 2022 msamaha huo ulifutwa, kwa sababu ilionekana kwamba bei madukani hazikushuka. Sisi hatupingi kodi, maana barabara na shule hujengwa kwa kodi. Twasema tu kwamba mawasiliano yamekuwa chombo cha kazi kama jembe, na ingefaa sauti ya wakulima isikike wakati bajeti inapotengenezwa.

Kizuizi cha nne hutajwa mara chache, nacho kwa mkulima ni kikubwa kuliko vyote. Intaneti ya nyumbani hulipwa kila mwezi, lakini mkulima wa kahawa hapati fedha kila mwezi. Twavuna tangu katikati ya mwaka hadi karibu na mwisho wake. Hupata malipo ya awali, na baadaye malipo ya pili mnada ukienda vizuri. Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha na ada za shule zikidaiwa, fedha hakuna. Mtu huyu kwa mwaka mzima aweza kulipa, ila kwa mwezi wa Aprili hawezi. Kampuni haijui hivyo; humkatia huduma, na humwandika kuwa mteja asiyefaa. Ushirika wajua, kwa sababu umekuwa ukimkopesha mbolea Aprili na kukata Desemba.

Cha tano ni umeme. Kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini imefikisha nyaya katika vijiji vyetu, na bwawa la Julius Nyerere limeongeza umeme wa nchi tangu mwaka 2024. Lakini nguzo moja ikianguka wakati wa masika, kitongoji hukaa gizani, na kifaa cha intaneti huzimika pamoja na taa. Mpango wowote usioweka betri ni mpango wa nusu.

Wengine walivyofanya

Wakulima na watumiaji kumiliki njia zao za mawasiliano si jambo jipya, na mfano mmoja uko hapa hapa Arusha. Katika miaka ya 1990 baadhi ya watumiaji wa mji huu walijiunga wakaanzisha mtandao wao, ulioitwa Arusha Node Marie, ambao baadaye uliendelea kwa jina la Habari Node. Wateja walikuwa ndio wenye mali. Tena Arusha ilipata kituo chake cha kubadilishana mawasiliano, kiitwacho AIXP, ili ujumbe utokao Njiro kwenda Kaloleni usilazimike kuzungukia mbali ndipo urudi. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba jambo hili ni la Wazungu wa ng'ambo, tumjibu kwamba lilifanyika chini ya mlima huu huu.

Huko Kondoa, mkoani Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa msaada wa Internet Society walianzisha mtandao wa jamii, wakajaribu kutumia mawimbi ya televisheni yasiyotumiwa, ambayo hupenya miti na vilima vizuri zaidi kuliko mawimbi mengine.

Kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Lancashire, makampuni makubwa yalikataa kupeleka nyuzi katika mashamba yaliyo mbalimbali. Mwaka 2011 wenyeji walianzisha chama chao kiitwacho B4RN. Walinunua hisa, wenye mashamba wakatoa njia bila kudai malipo, na wengi wakachimba mitaro kwa mikono na kwa matrekta yao. Na huko Marekani, mwaka 1935 shamba moja tu katika kumi hivi lilikuwa na umeme. Serikali ilianza kukopesha, wakulima wakaunda vyama vya ushirika vya umeme, wakasimamisha nguzo. Leo baadhi ya vyama hivyo hivyo vinapitisha nyuzi za kioo juu ya nguzo hizo.

Tukitazama mifano hii twaona neno moja ndani yake. Kampuni ilihesabu nyumba moja moja ikaona hasara. Watu walipojihesabu pamoja, hesabu ikabadilika. Wazee wetu waliijua hesabu hii. Mwaka 1952, baada ya watu kuondolewa Engare Nanyuki, Wameru walichanga fedha zao kidogo kidogo wakampeleka Bwana Kirilo Japhet hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Na mifereji yetu ya maji haikuchimbwa na mtu mmoja. Ilichimbwa na watu wa ukoo na wa kijiji, ikapita katika mashamba ya wengi, na kila anayekunywa maji yake hujua siku ya kutoka kwenda kuisafisha.

Hoja za wanaopinga

Haitakuwa haki tuseme ya upande mmoja tu. Katika mikutano ya vyama vya msingi tumesikia hoja tatu nzito.

Ya kwanza ni ya wazee, nao wamesema: fedha za kahawa zirudi katika kahawa. Miti yetu ni mizee, mitambo ya kumenya yahitaji matengenezo, na chama kilichoacha kazi yake hufa. Hoja hii ni ya kweli. Tunakumbuka kwamba vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kwamba baada ya kurudi, vingine vilizama kwa madeni ya kazi zisizo zao. Kwa sababu hiyo hatuombi Chama Kikuu kiwe kampuni ya intaneti.

Ya pili ni ya vijana, nao wamesema: tungoje setilaiti mpya zinazoruka karibu na dunia. Kenya ilianza kupata huduma ya Starlink mwezi wa Julai mwaka 2023. Setilaiti hizo zaweza kufaa sana kwa nyumba iliyo peke yake nyuma ya mlima. Lakini kifaa chake hununuliwa kwa fedha nyingi za mara moja, na wateja wakizidi mahali pamoja nafasi huisha. Mwishoni mwa mwaka 2024 huduma hiyo iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na sehemu za jirani. Tena huduma yoyote ya namna hiyo hapa kwetu yategemea leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mwenye kuweza na aitumie pale inaporuhusiwa. Haiondoi haja ya njia ya pamoja.

Ya tatu ni ya akina mama, nayo ilitugusa. Walisema: mkikata fedha katika malipo ya kahawa, mtakata katika jina la nani? Katika nyumba nyingi kitabu cha uanachama ni cha baba, kazi ya shamba ni ya mama, na mama hupata habari ya makato baada ya fedha kwisha. Sisi hatukuwa na jibu tayari siku ile. Tumelitafuta, na limo katika hoja tunayoileta.

Hoja inayoletwa mbele yenu

Bodi yaomba Mkutano huu uamue mambo manne, na si zaidi ya manne.

La kwanza, kila chama cha msingi kihesabu nyumba zake zinazotaka intaneti, na kuandika umbali wa kila kitongoji kutoka barabara kuu. Orodha hiyo ndiyo mali yetu ya kwanza. Hakuna kampuni iliyonayo, na bila hiyo hatuna neno la kusema mezani.

La pili, wanachama wakubali kwa maandishi kutoa njia ya mtaro kupita katika vihamba vyao bila kudai malipo, kwa kufuata mipaka ya masale pale inapowezekana, na mimea itakayoharibika ilipwe kwa haki. Penye kazi ya kuchimba, vijiji vyenyewe viseme kama viko tayari kujitolea. Tukifanya hivyo, ile sehemu iliyo ghali kuliko zote hupungua sana kabla shilingi moja haijatoka.

La tatu, Chama Kikuu kizungumze kwa niaba ya wote na yeyote mwenye leseni, liwe Shirika la Mawasiliano Tanzania au kampuni nyingine, kwa ushindani wa wazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kutoa huduma hii bila leseni ni kosa, kwa hiyo asitokee mtu akaanza kuuza intaneti kwa jina la chama. Mkataba useme kasi itakayotolewa, muda wa kutengeneza panapoharibika, na adhabu asipotengeneza. Ofisi ya chama na shule ya kijiji ziunganishwe kwanza, na ziwekewe betri, ili hata asiye na uwezo wa kulipa nyumbani awe na mahali pa kwenda bila nauli.

La nne, mwanachama anayetaka aruhusiwe kulipiwa na chama chake kila mwezi na kukatwa wakati wa malipo ya kahawa. Lakini makato hayo yawe kwa hiari. Fomu itiwe sahihi na mume na mke wote wawili pale walipo wawili. Kiasi cha juu cha deni kiandikwe. Na mwenye mavuno mabaya aweze kusimamisha huduma bila faini. Jumla ya deni isipite ukomo wa madeni utakaowekwa na Mkutano Mkuu na kukubaliwa na Mrajis, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyoagiza. Hesabu zake ziandikwe mbali na hesabu za kahawa, na zikaguliwe.

Mtaona, Ndugu Wanachama, kwamba katika haya yote hakuna mahali ambapo Chama Kikuu kinanunua waya wala kukopa mamilioni. Kinachoombwa ni kuhesabu watu, kutoa njia, kujadiliana kwa sauti moja, na kumbebea mkulima miezi yake mikavu. Kazi hizo nne Ushirika umezifanya kwa kahawa tangu wakati wa wazee wetu. Hakuna mtu binafsi aliyepeleka gunia lake moja kwenye mnada wa Moshi akapata bei.

Chama cha msingi kisichotaka kiachwe kwa amani, na wasitukanwe. Kitakachotaka na kianze kuandika orodha kesho. Baada ya mwaka mmoja taarifa iletwe mbele ya Mkutano Mkuu kama huu, yenye majina ya vitongoji, hesabu ya nyumba na bei tulizopewa, ili wanachama waamue kama tuendelee au tuache. Ikionekana bei haifai, tutasema haifai, na kazi ya kuhesabu haitakuwa imepotea, kwa maana itatufaa katika umeme, katika maji na katika alama za mashamba zinazotakiwa na wanunuzi.

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi si mingi kwa mti wa kahawa, wala kwa chama. Katika miaka hiyo tumejifunza kupima kwa mizani iliyo sawa na kusoma hesabu hadharani. Twaomba sasa wajumbe mliyapime haya tuliyoyaleta kwa mizani hiyo hiyo, muulize maswali bila hofu, kisha kila mmoja ainue mkono kwa kadiri ya akili yake na mahitaji ya nyumba yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Twawatakia Chama Kikuu, vyama vyote vya msingi na kila mwanachama mavuno mema na miaka mingine kumi ya kazi njema.